Ngeli za Washtakiwa Wenye Moshi

Nomino zina ngeli zake na wadudu wana koo zao, ila mwenye kiwanda anayejibu mashtaka ya sumu hajaainishwa bado. Makala haya yanaziba pengo hilo kwa vielelezo vilivyookotwa katika hukumu za nchi nne.

Ngeli ya kwanza ni Mnywa-Maji. Kielelezo bora kilipatikana Minamata, Japani, ambako kampuni ya Chisso ilimwaga zebaki ghubani. Mwaka 1959 daktari wa kampuni yenyewe, Hajime Hosokawa, alimchanganyia paka maji taka ya kiwanda kwenye chakula. Paka akashikwa na ugonjwa uleule uliokuwa ukiwatesa wavuvi wa hapo. Kampuni ikayaficha matokeo. Desemba ikazindua mtambo wa kusafisha maji, na mkuu wa kampuni akanywa glasi nzima ya maji mbele ya wageni. Mtambo ule haukuondoa zebaki, nayo iliendelea kumwagwa hadi 1968. Mwezi huohuo wa Desemba wagonjwa walitiliana sahihi na kampuni mkataba wa pesa za pole: hata ikija kujulikana kwamba sumu ni ya kiwanda, wasidai zaidi. Kwa mtu asiyejua chochote, huo ni uaguzi wa hali ya juu. Mahakama ya Kumamoto iliubatilisha mwaka 1973.

Ngeli ya pili ni Mzazi Asiyemjua Mwanawe. Makazi yake ni London. Faida ya mgodi humfikia bila kupotea njia. Malalamiko ya mto ndiyo hayajui anwani. Wanavijiji wa Chingola, Zambia, walimfuata hukohuko, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kwamba Vedanta, kampuni mama ya mgodi uliodaiwa kuuchafua mto wao, ina kesi ya kujibu.

Ya tatu ni Mwenye Kibali, na hapa uainishaji unavurugika, kwa kuwa kila kibali kina aliyekipiga muhuri. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kiliyeyusha madini ya risasi ya betri kuukuu ukuta kwa ukuta na makazi ya watu. Mwaka 2020 mahakama iliwagawia lawama wenye kiwanda pamoja na taasisi za serikali, na fungu kubwa zaidi likaiangukia NEMA, mlinzi mwenyewe wa mazingira. Fidia ya shilingi bilioni 1.3 ilitenguliwa kwenye rufaa mwaka 2023, ikarudishwa na Mahakama ya Juu Desemba 2024.

Kisarufi, ngeli zote hupenda kauli za kutendwa na kutendeka: mto “ulichafuliwa”, hewa “iliathirika”. Mtenda hatajwi kamwe.

Dawa iliyomkaribia mtenda zaidi ilitoka India. Mwaka 1986, baada ya gesi kuvuja kiwandani Delhi, Mahakama ya Juu ilisema mwendesha shughuli ya hatari hulipa madhara yake hata kama alichukua kila tahadhari, na kampuni ikiwa kubwa, fidia nayo iwe kubwa. Majaji wa Afrika Mashariki waichukue kanuni hiyo kama ilivyo, bila kuipunguza.