Kwa Mtukufu Mfalme Philip wa Makedonia

Mtukufu Mfalme, shikamoo.

Naanza kwa kukuomba radhi. Mimi ni msomaji tu wa historia, sina cheo wala ukoo wa kunipa haki ya kusimama mbele yako, na barua yenyewe imechelewa zaidi ya miaka 2,300. Lakini nakuheshimu kwa dhati, na kwa heshima hiyo naomba unisikilize kidogo kuhusu watu wa Phocis, na kuhusu kiapo.

Baraza la Amfiktioni unalijua kuliko mimi: makabila 12 ya Wagiriki, kila kabila kura mbili, wakikutana mara mbili kwa mwaka kulinda hekalu la Apollo kule Delphi na lile la Demeter karibu na Thermopylae. Waliapa kwamba hawataubomoa mji wa mwanachama mwenzao wala kuukatia maji yanayotiririka, iwe vita iwe amani. Maneno hayo nimekaa nayo siku nyingi. Walijua kabisa kwamba watapigana. Wakakubaliana mapema kuwa mama atakayeteka maji mtoni asiguswe.

Watu wa Phocis, nao wanachama wa baraza hilo, walikosa, Mtukufu, na kosa lao silifichi. Baraza liliwatoza faini kwa kulima ardhi ya Apollo. Badala ya kulipa, mwaka 356 KK wakalitwaa hekalu, kisha wakayeyusha dhahabu na fedha za sadaka kulipa askari wa kukodiwa. Askari wako walipokwenda kuwakabili walivaa mashada ya majani ya mti wa Apollo, na wengi wakakuona mlinzi wa mungu.

Waliposalimu amri mwaka 346 KK, baraza likakaa kuwahukumu. Wanachama wengine, watu wa Oeta, walitaka wanaume wote wazima wasukumwe gengeni. Hilo halikufanyika; kama ni busara yako iliyozuia, pokea shukrani zangu. Lakini miji ilibomolewa. Watu wakatawanywa vijijini, kila kijiji kisizidi nyumba 50, na deni la talanta 60 kila mwaka juu yao. Kura zao mbili ukapewa wewe.

Najua Demosthenes, yule msemaji wa Athens, hakuwa rafiki yako, na maneno ya hasimu hupimwa. Hata hivyo alipita njia ile akielekea Delphi, akasimulia alichokiona: nyumba zimelala chini, kuta zimeng'olewa, wanawake, watoto wachache, na wazee wa kuhurumiwa. Vijana hakuna.

Miaka michache baadaye baraza lilikuita tena, safari hii kuwaadhibu watu wa mji wa Amphissa. Ukaingia na jeshi, ukaishika Elateia, mji wa Phocis huohuo, na mwaka 338 KK Athens na Thebes zikaanguka mbele yako kule Chaeronea. Hayo ya vita nawaachia wajuzi.

Mimi, Mtukufu, ningekuwapo siku ya hukumu ningepiga magoti nikuombe jambo moja dogo. Ulikuwa na kura mbili mkononi, za watu haohao waliokuwa wakihukumiwa. Ningekusihi uzipige kwa niaba yao, kwa ajili ya kiapo, na kwa ajili ya mwenye nyumba ya 51, ambaye jioni ile alikusanya vyombo vyake bila kujua aelekee wapi.

Nabaki kwa unyenyekevu,
Msomaji wako