Sahani Zisizopakuliwa Wali

Jumamosi moja asubuhi jirani yetu alibisha hodi akiwa na beseni kubwa. Alikuwa anaozesha binti.

"Shemeji, nasikia una sahani mia tatu. Niazime japo mia, nitazirudisha Jumatatu zimeshaoshwa."

Kumbe wanangu walijisifu mtaani kwamba baba ana sahani mia tatu na hataki mtu aziguse. Hawakusema uongo. Walisahau tu kueleza kuwa ni sahani za santuri.

Nina ugonjwa wa rokenroli, na si yoyote, ila ile ya miaka ya 1950: Chuck Berry, Fats Domino, Little Richard, watu waliopiga gita na piano kana kwamba mwenye nyumba yuko mlangoni anadai kodi. Ugonjwa huu haujaniua, lakini umeniaibisha vya kutosha.

Aibu ya kwanza ililetwa na tundu. Santuri ndogo za Marekani za mizunguko 45 kwa dakika, zilizoanza kuuzwa na RCA Victor mwaka 1949, zina tundu la milimita 38 hivi katikati. Kijiti cha gramafoni yangu hakifiki hata milimita 8. Kuna kidude cha plastiki cha kuziba pengo hilo. Mimi sikuwa nacho, ila nilikuwa na kisu na kandambili kuukuu. Nikachonga kisigino, nikatoboa katikati. Yaani, karibu na katikati. Santuri ikaanza kuyumba, na Little Richard akawa anapanda na kushuka kama mlevi wa mnazi anayetafuta kwao gizani. Mke wangu akauliza, "Huyu anayeimba anaumwa wapi?" Jioni akauliza tena, safari hii kuhusu kandambili yake ya kushoto.

Ya pili ilikuwa ya jua. Nilinunua "Johnny B. Goode" ya Chuck Berry, ya mwaka 1958, nikaiacha kwenye kiti cha gari nikaingia Kariakoo kutafuta sindano ya gramafoni. Jua la Dar es Salaam halina simile. Niliporudi, santuri ilikuwa imejikunja kama chapati iliyosahaulika kikaangoni. Kinachouma ni kwamba wimbo huohuo ulirushwa angani mwaka 1977 ndani ya vyombo vya Voyager, kwenye santuri za shaba zilizopakwa dhahabu, na hadi leo unazidi kutokomea mbali na jua. Ule umezipita sayari zote. Wangu ulishindwa kufika Tabata.

Ya tatu ilitokea ndani ya daladala. Santuri kongwe za mizunguko 78 hazikutengenezwa kwa plastiki; zilitengenezwa kwa gundi inayotolewa na wadudu wa Asia, iliyochanganywa na unga wa mawe. Huvunjika kama kigae. Niliweka moja ya Fats Domino kitini ili nitoe nauli. Konda akasema, "Kaa hapo, mama," na mama akakaa. Sote tulisikia.

"Pole mwanangu," akaniambia, "ilikuwa kioo?"

"Ilikuwa Fats Domino, mama."

"Maskini. Mungu amrehemu."

Baada ya aibu kama hizo hujifariji kwa kisa cha Memphis, Marekani. Mwaka 1951 bendi ya kijana Ike Turner ilikwenda huko kurekodi, na spika ya gita ikaharibika njiani. Sam Phillips, mwenye studio, hakuwafukuza. Aliisokomeza makaratasi ndani, gita likakoroma kama mtu mwenye mafua, na koromo hilo likabaki ndani ya "Rocket 88", wimbo ambao wengi huuhesabu miongoni mwa rokenroli za mwanzo kabisa. Ikiwa muziki wenyewe ulitoka kwenye spika mbovu na makaratasi, mimi na kandambili yangu hatujaukosea heshima.

Nawe mwenye santuri za marehemu babu chini ya kitanda, zisimamishe wima kama vitabu, mbali na dirisha, wala usiziache garini. Na jirani akija kuazima sahani, muulize kwanza: za pilau au za muziki?