Tuko Hapa Hapa

Binti wa jirani yetu alipopata kazi ya ualimu Marsabit, Likoni kuliwekwa matanga ya mtu aliye hai. Shangazi zake walilia kwa zamu, leso mdomoni: mtoto anapelekwa jangwani! Mmoja akamfungia madera matano mepesi, kifeni cha betri na mahamri. Sweta? Sweta la nini, kwani anakwenda Uingereza?

Sasa, mji wa Marsabit uko mlimani, una msitu na ukungu. Huko ndiko alikoishi Ahmed, yule ndovu aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mpaka akajifia mwenyewe mwaka 1974. Ndovu hakuhitaji kifeni. Wiki ya kwanza binti akapiga simu, meno yanagongana: kavaa madera yote matano kwa pamoja.

"Pole, mwanangu. Huko mbali mno, hata kufikika hakufikiki," shangazi akamwambia, naye saa hiyo kakwama kwenye foleni ya feri, anautazama mji ng'ambo ya mkondo wa nusu kilomita hivi, wanangoja meli ipite kwanza. Barabara ya Isiolo hadi Moyale, inayopita Marsabit, ina lami, haipishi meli. Na mwalimu wa Marsabit hulipwa posho ya mazingira magumu. Wa Likoni hupanga foleni bure.

"Ukishindwa rudi, mama. Sisi tuko hapa hapa."

Saa nzima baadaye, kweli, alikuwa hapo hapo.