YAH: Pongezi kwa Posho ya Miezi Minne

Kwa Mkurugenzi,
Ofisi ya Kuwapatia Wakimbizi Makazi Mapya,
Washington, Marekani.

Mheshimiwa,

Tunakupongeza. Tangu Mei 2025 ofisi yako imeipunguza posho ya mkimbizi mgeni asiye na watoto kutoka miezi 12 hadi minne. Kijana wa Kikongo wa miaka 19, aliyekulia kambini Nyarugusu, Tanzania, ameondolewa kishawishi cha kujua Kiingereza kabla ya kutafuta kazi. Kanuni zenu zina ufundi zaidi ya huo. Anayesoma chuo kwa muda wote hapati posho. Anayekataa kazi bila sababu mnayoikubali husimamishwa miezi 3, akirudia, 6. Hapo mmetushinda: adhabu ya pili ni ndefu kuliko msaada wenyewe!

Mtasema sheria ya mwaka 1980 inataka mkimbizi ajitegemee upesi, na kwamba kazi ni kazi. Sawa. Hatukidharau kiwanda cha nyama kinachomsubiri kijana huyo. Mishahara yake imelipa kodi za nyumba huko na karo za wadogo huku. Ila wachumi Evans na Fitzgerald, katika utafiti wao wa 2017, walionyesha kuwa wakimbizi waliofika kabla ya kutimiza miaka 14 humaliza sekondari na kuingia chuo sawa na wenyeji, na waliofika wakiwa vijana wakubwa hubaki nyuma, lugha ikiwa sababu mojawapo. Hata waliofika watu wazima, baada ya miaka 20 walikuwa wamelipa kodi kuzidi walichopokea kwa wastani wa dola 21,000. Basi mlipa kodi mnayemtetea hakuwa anaibiwa. Alikuwa anakopesha, tena kwa faida.

Wapo wasemao mlango wa shule u wazi, anayetaka aingie. Pennsylvania inamruhusu kijana kusoma shule ya umma hadi miaka 21. Hata hivyo, Julai 2016 vijana wakimbizi wa Lancaster, Wakongo wakiwemo, walilazimika kuishtaki wilaya yao ya elimu: wengine walikataliwa, wengine wakasukumiwa shule ya kuharakisha vyeti iliyoendeshwa na kampuni binafsi. Mahakama ya rufaa iliwaunga mkono Januari 2017. Hesabu mwenyewe, Mheshimiwa: kwa kalenda yenu ya leo, posho ingekwisha kesi ikiwa bado mahakamani.

Ombi letu ni dogo. Rudisheni miezi 12, na chuo kihesabiwe kuwa njia ya kujitegemea. Mkishindwa, ongezeni walau adhabu ya tatu, ya mwaka mzima, ili kanuni ikamilike.

Wenu watiifu,
Wasomaji wa kanuni zenu