Kwa Taadhima ya Tope

Watu wa kalamu wamewasifu wafalme waliowalisha, wapenzi waliowanyima usingizi, farasi, majahazi, na hata tembo la mnazi. Bali sijapata kumsikia mtu aliyesimama mbele ya baraza akalisifu tope. Ukosefu huu wa insafu umenikera muda mrefu, kwa kuwa mimi ni mtu niliyelelewa, nikacheleweshwa na kuangushwa na tope la Mbulu tangu utoto wangu, na kwa kuwa, katika watumishi wote wa umma niliopata kuwajua baina ya ukingo wa Bonde la Ufa na mguu wa Mlima Hanang, sijamwona mmoja aliyefika kazini kwa wakati kama lifikavyo tope.

Mvua ya kwanza ya vuli ikianguka juu ya vumbi, tope huwa limeripoti kituoni kabla ya jua kuchwa, pasi na barua ya uhamisho, posho ya kujikimu wala semina elekezi; na tangu siku hiyo mpaka masika yaishe mwezi Mei halijulikani kuomba likizo. Lina tabia mbili, na msafiri mwenye busara hujifunza zote mbili mapema. Lile jekundu la miinuko ya Mbulu huteleza, likakupeleka usikokusudia; na lile jeusi la mbuga za Hanang, upande wa Basotu, hung'ang'ania, likakataa kukupeleka ukusudiako. Baina ya haya mawili mwananchi hupata elimu kamili ya uraia, maana nimetembelea ofisi nyingi maishani mwangu na sijaona kwamba nazo zina tabia ya tatu.

Wala nasaba yake si ya kudharauliwa. Wairaqw wa zamani, walipokuwa wakiandamwa na wateka ng'ombe wa Kimasai, walichimba nyumba zao ubavuni mwa vilima na kuziezeka kwa udongo, hata adui apitaye juu aliweza kukanyaga paa la mtu asijue kwamba chini ya unyayo wake kuna mke, watoto, ndama na chungu kilicho motoni. Hiyo ndiyo iliyokuwa wizara ya ulinzi, na bajeti yake ilikuwa majembe mawili. Baadaye wakaja Wajerumani wakajenga boma. Wakaja Waingereza wakaihesabu mifugo, wakasema imezidi, sharti iuzwe. Na baada ya Uhuru yakafunguliwa Hanang mashamba saba makubwa ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, juu ya malisho ambayo Wabarbaig waliyajua kuwa yao na wakayadai mpaka mahakamani. Msaada ulikoma katika miaka ya 1990, na mitambo ikashika kutu. Yaliyobaki ni makorongo ambayo maji yaliyachimba katika ardhi iliyoachwa wazi, na ndani ya makorongo tope, mrithi asiye na wa kushindana naye katika mirathi.

Husemwa kwamba tope ni adui wa maendeleo. Wasemao hivyo hawajui ni watu wangapi wanaoishi kwa hisani yake. Bei ya sukari na saruji hupanda pamoja na tope wala haishuki pamoja na vumbi. Mnunuzi wa vitunguu saumu hulitaja hata kiangazi, akalisikitikia kwa sauti ya msiba, kisha kwa ajili ya njia mbaya akashusha bei na kudai gunia lijazwe lumbesa. Na katika ofisi moja, ambayo heshima yanizuia kuitaja, niliifuata karatasi moja tu ya mwanangu kwa safari tano, na katika safari ya tano karani, kijana mpole mwenye kikombe cha chai, aliniambia, "Mzee wangu, fomu zimekwama kwenye tope." Ilikuwa Septemba. Nje ya dirisha lake kimbunga cha vumbi kilikuwa kikizunguka uwanjani na mfuko wa plastiki ndani yake. Sikumjibu, maana niliona kwamba ana imani, na mtu mwenye imani habishiwi.

Lakini fadhila iliyo kubwa kuliko zote ni ile liliyoitendea lugha yetu. Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu mwaka 1967 na limetutungia istilahi nyingi. Hata hivyo nadhani barabara isiyojengwa imetutungia nyingi zaidi. Ni tope lililotupatia "upembuzi yakinifu", na baada yake "usanifu wa kina". Ni lenyewe lililotupatia "Serikali inaendelea kutafuta fedha", na "itajengwa kwa awamu", na "Serikali yenu ni sikivu". Wapo waliosikia upembuzi yakinifu wakiwa mgongoni mwa mama zao, wakakua, wakaoa, wakapata wana wao, na upembuzi ungali yakinifu. Mwezi Mei 2022 Mheshimiwa Flatei Massay, mbunge wa Mbulu Vijijini, alipoona kwamba maneno yamechuja, alipiga sarakasi ndani ya ukumbi wa Bunge, Dodoma, kuidai lami ya barabara ya Karatu, Mbulu na Haydom. Nchi ikacheka. Sisi tunaoipita njia ile hatukuona cha kuchekesha wala cha kustaajabisha, kwa kuwa mheshimiwa alikuwa akiwaonyesha wenziwe namna abiria ashukavyo garini Dongobesh. Tangu hapo kipande cha njia kimekabidhiwa mkandarasi, nami nakiri kwamba miguu ile miwili iliyotazama dari ilifanya kazi ambayo risala, maombi na mikutano ya hadhara havikuiweza. Na kama huo ndio utaratibu, basi mitaala ya shule zetu ingefaa iangaliwe upya.

Nitasimulia tukio moja nililoliona kwa macho. Masika yalikuwa yakielekea ukingoni, nami nilikuwa nikimsindikiza shangazi yangu, nyonga ikimsumbua, kwenye hospitali ya Haydom, ile ambayo Wanorwei waliifungua mwaka 1955 na ambayo wagonjwa huifuata kutoka mbali. Na tulipokwisha kuiacha Dongobesh tukakuta foleni. Lori la magunia lilikuwa limezama mpaka kwenye ekseli. Basi lilikuwa limeinama upande mmoja kama mzee atoaye sikio lake zima asikilize. Nyuma ya basi palikuwa na gari jeupe la serikali lenye vioo vya giza, limezama kwa adabu, gurudumu moja tu. Vijana wa kijijini walikwisha kufika na majembe, matawi na mnyororo, nao walikuwa na nidhamu ambayo sijaiona katika idara yoyote: mmoja anapokea fedha, wawili wanachimba mbele ya tairi, wanne wanasukuma, na mtoto wa miaka tisa hivi amekumbatia jiwe la kuzuilia gurudumu lisirudi nyuma. Kila gari lilikuwa na bei yake, na bei ilitangazwa wazi mbele ya watu. Aliye na mgonjwa hakulipa.

Kioo cha giza kikateremka. "Vijana," akasema bwana mkubwa aliyekuwa ndani, "mnajua nina kikao saa tano?"

Mzee mmoja aliyejitanda blanketi akasogea na fimbo yake, akainama dirishani, akamsabahi, akamuuliza habari za nyumbani na za kazi, kisha akasema, "Mwanangu, kikao hakina miguu, kitakungoja. Wewe vua viatu ushuke, gari lipungue uzito."

Akavitazama viatu vyake. Vilikuwa vyeusi, vimepigwa rangi asubuhi ile, na katika ncha ya kila kimoja mtu angeweza kuyaona mawingu. Akavivua taratibu, akazisukuma soksi ndani, moja huku na moja huku, kama mtu anayehifadhi hati za shamba. Akakunja suruali mpaka magotini, akashusha mguu. Tope likaupokea kwa sauti ya kumeza. Punde si punde alikuwa nyuma ya gari lake mwenyewe, bega kwa bega na utingo wa basi, ambaye alimfokea, "Mzee, sukuma kwa kifua, siyo kwa vidole!" naye akasukuma kwa kifua. Kwa muda wa dakika ishirini hapakuwa na mtumishi wala mwananchi mahali pale; palikuwa na miguu tu, yote rangi moja. Nimehudhuria makongamano kadhaa ya kuwasogeza viongozi karibu na wananchi, mengine yakiwa na chakula cha mchana, na sijaona hata moja lililofaulu kama hili.

Hapa inanipasa kupunguza sauti. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka, na tope lililochanganyika na mawe na magogo likashuka juu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi na Jorodom miongoni mwavyo, wakafa watu zaidi ya 80. Tope lile silisifu. Rais Samia Suluhu Hassan aliikatiza safari yake ya Dubai, mawaziri wakafika, askari waliingia matopeni wakafukua kwa mikono, na mitambo ikaifungua njia na mji. Ilikuwa kazi ya kweli, na asiyeisema hana insafu. Ila tangu siku zile swali moja limenishika na halijaniachia: tope lipime futi ngapi ndipo liitwe janga? Kwa maana hili la kwangu la njiani, lifikalo magotini tu, nalo huchukua watu, mmoja masika haya na mwingine masika yajayo, mama mwenye uchungu katika kiti cha nyuma cha gari lililozama, bila helikopta na bila hesabu, kwa kuwa lenyewe halina haraka.

Shangazi yangu tulimfikisha, akatibiwa, akarudi na fimbo mpya na malalamiko yaleyale. Nilipita tena mahali pale mwezi wa Agosti. Barabara ilikuwa imekauka, ngumu kama kigae, na vijana walikuwa wameketi chini ya mti wakicheza bao, majembe yameegemezwa shinani. Pembeni, ambapo magari hayakanyagi, nyayo za bwana mkubwa zilikuwapo bado, zimeokwa na jua, vidole vyote vitano vimetawanyika kama vya mtu aliyekuwa akiogopa kuanguka. Yule mtoto wa jiwe alikuwa akipita kutoka unyayo mmoja kwenda mwingine, akiingiza mguu wake katika kila unyayo, akiutazama, akiona haujaujaza.