Mjomba, Klachi Haitaki Samahani

Birmingham, Uingereza

Mjomba, wasalimie vijana wote wa gereji, hata yule aliyekalia jeki yangu.

Jirani yangu hapa ni mzee wa Kiingereza, mstaafu, ana Land Rover Series III ya mwaka 1979, iliyozaliwa kiwandani Solihull, si mbali na hapa. Gari likivuka miaka 40 huku, mradi halijabadilishwa sana, halidaiwi kodi ya barabara wala halilazimiki kwenda ukaguzi wa kila mwaka. Limestaafu kama mwenyewe. Trafiki wa kwetu wakisikia watalia.

Juzi klachi ikagoma. Pedali inazama hadi sakafuni, gia ya kwanza inasaga, rivasi ndiyo usiseme. Mzee akagonga mlangoni kwangu. Niliwahi kumwonyesha picha za lile tamasha la Land Rover la Arusha la 2024, basi akaamua kwamba kwetu mtoto huzaliwa na spana mkononi. Sikumkanusha, Mjomba. Jina lako lilikuwa hatarini.

Nikaingia uvunguni. Ile pampu ya chini ya klachi, ubavuni mwa giaboksi, nilipovuta raba yake ya vumbi tu, mafuta yakanimwagikia hadi kwapani. Wewe ungebadilisha raba za ndani, ukapitisha msasa laini, na jioni gari liko njia ya Longido. Huku spea ni nafuu, mkono wa fundi ndio dhahabu. Mzee alikuwa ameshanunua pampu zote mbili, ya juu na ya chini. Ila kwenye mafuta ya breki akataka kubana matumizi: akaniletea chupa iliyokaa stoo imefunguliwa tangu enzi. Nikaikataa, maana mafuta hayo hunywa unyevu wa hewani. Nilipomwambia kuwa yakidondokea bodi yanababua rangi, akatandika taulo za bafuni gari zima. Sijui mkewe alisemaje.

Kufunga hakukuwa na shida. Balaa ni kutoa upepo. Utaratibu unaujua: wa juu akanyage, wa chini afungue nati, mapovu yatoke, nati ifungwe, ndipo mguu uinuke. Mguu ukitangulia, upepo unanyonywa tena ndani. Sasa kazi hii inataka watu wa kufokeana, na mtaa huu hata mbwa hubweka kwa adabu.

Nikaita, “Kanyaga!” Kimya. Mzee akainama dirishani: “Samahani, unasema na mimi?” Akakanyaga. Nikafungua nati, mapovu yakaanza kutoka, tone likanirukia shavuni, nikaguna. Mzee akaruka chini kuja kuniomba radhi. Fyuu! Upepo wote ukarudi. Tukaanza upya. Akaachia tena, mara hii akiniomba radhi kwa kuachia mara ya kwanza. Kisha mkewe akatokea na chai, na mzee hapokei kikombe akiwa amekaa.

Ndipo nikakupigia, nawe hata salamu hukuitikia: “Fungua hiyo pampu ya chini! Inamishe, nati itazame juu! Sukuma pistoni hadi mwisho, uibane hapo!” Kweli bwana, upepo hukimbilia juu, ulikuwa umejificha mahali ambapo nati haifiki. Mzee, kusikia sauti yako kwenye spika, akakaa wima, akawa anakanyaga na kuachia kwa amri zako za Kiswahili bila kukosea. Tukairudisha pampu mahali pake. Pedali ikawa ngumu, gia ya kwanza ikaingia bila kulia.

Habari zimeenea. Jumamosi wanakuja wazee wenzake na Land Rover zao, mmoja giaboksi inavuja. Nimewaambia bingwa wangu anapatikana saa nne ya huku, yaani saa sita mchana ya kwenu. Usizime simu. Na ukali usipunguze hata kidogo: mzee anasema tangu atoke jeshini hajafokewa vizuri namna ile.