Birika Lililowaka Kenol

Mwalimu mstaafu wa hisabati hawezi kuona bei mbili bila kutoa moja kwa nyingine. Ndiyo maana, aliposimama dukani mjini Murang'a mbele ya mikebe miwili ya oili, ya lita nne kila mmoja, mkono wake ulichagua kabla macho hayajasoma. Mkebe wa kwanza ulikuwa na jina ambalo madereva wote wanalijua kutoka mabango ya barabarani. Wa pili ulikuwa na simba anayenguruma, jina geni kabisa, na bei nusu ya mwenzake.

"Hii ni nzito, Mwalimu," muuzaji alisema, akiutikisa mkebe karibu na sikio kama mtu anayesikiliza kokwa ya parachichi. "Hata mlima wa Kiriaini utapanda ukiimba."

Mkebeni kulikuwa na maandishi 20W-50. W haikumpa Mwalimu shida. Yeye ni mzaliwa wa vilima vya karibu na Mukurwe wa Nyagathanga, ambako masimulizi huwaweka mabinti wa Gikuyu na Mumbi, kuanzia Wanjiru na Wambui hadi Wangari na Waithira. Kwao W ni mtu. Alichukulia kwamba kiwandani kuna mama fulani anayeweka sahihi.

Kumbe W ni ya "winter", majira ya baridi ya Wazungu. Namba inayoitangulia huonyesha jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa baridi. Inayofuata hupima uzito wake kwenye joto la nyuzi 100 za Selsiasi. Utaratibu huo ni wa SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, kilichoanza kupanga oili kwa uzito mwaka 1911. Kijitabu cha Probox yake ya mwaka 2012 kingemweleza kwamba gari linataka oili nyepesi zaidi, 5W-30, lakini kijitabu chenyewe kimeandikwa kwa Kijapani, na kwa miaka yote hiyo kilikuwa kikikaa kimya kwa adabu ndani ya dashibodi.

Kwa kuwa alishaokoa pesa za oili, aliona aokoe na za fundi. Jumamosi alijilaza chini ya gari na spana, akafungua nati, akamwaga oili ya zamani ndani ya karai, akabadilisha filta, akafunga. Injini ile huchukua lita 3.7 pamoja na filta. Zikabaki 0.3 mkebeni, hesabu iliyomfurahisha kuliko safari yoyote. Oili chafu aliihifadhi kwa ajili ya nguzo za ua, dhidi ya mchwa.

Majuma matatu baadaye alipakia parachichi na kuteremka kuelekea Kenol, mji uliochukua jina la kituo cha mafuta. Kampuni ya kituo hicho ilinunuliwa na Rubis ya Ufaransa mwaka 2019, lakini hakuna aliyefikiria kuubatiza mji upya. Hapo, mbele ya macho yake, taa ndogo nyekundu ikawaka kwenye dashibodi: birika, lenye mdomo mrefu na tone moja likidondoka.

Mtu aliyekulia kaunti ya majani chai husoma ishara hiyo kwa namna moja tu. Aliegesha, akazima injini, akaagiza chai ya maziwa na mandazi mawili. Alistaajabu jinsi Wajapani wanavyomjali dereva.

Kikombe cha pili kilimkuta fundi mmoja amesimama kando ya Probox, akitazama vitone vyeusi chini yake. Alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, yule aliyekuwa akipata alama 23 kwa 100.

"Mwalimu, umezima hii gari saa ngapi?"

"Birika lilipowaka. Si ni wakati wa chai?"

Fundi alifumba macho kidogo. Taa ile huonya kwamba presha ya oili imeshuka mno. Ukiendelea hata kwa dakika chache, vyuma husuguana vikavu na injini hukwama. Wengi huiona wakasema, "Nitafika tu," na hufika wakivutwa kwa kamba. Mwalimu aliokolewa na uroho wa chai.

Kijiti cha kupimia oili kilitoka karibu kikavu. Waliokuwa wakinywa chai walikwisha toa hukumu: oili ya bei rahisi imeua gari! Fundi akaingia chini, akaizungusha nati robo mzunguko, akatoka akipangusa mikono. Oili haikuwa na kosa. Nati haikukazwa.

"Lakini bado sijamaliza kusahihisha," alisema, akiuomba mkebe. Chini ya miguu ya simba, kwa herufi za kuhitaji miwani, palikuwa na SF. Hiyo ni alama ya API, taasisi ya petroli ya Marekani: S ni ya injini za petroli, na herufi ya pili hupanda alfabeti kadiri viwango vinavyopanda. SF haifai injini nyingi zilizotengenezwa baada ya 1988. SN ilikuja 2010 na SP 2020. Injini ya Probox hutumia presha ya oili hiyo hiyo kurekebisha majira ya valvu, kupitia vijia vyembamba. Oili ya kiwango cha zamani ikiacha tope humo, gari huanza kukohoa.

"Kwa hiyo ninunue ile ya mabango?"

"La. Kuna za jina geni zilizo na SN na 5W-30, na ni nafuu. Tafuta alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, utume namba yake kwa SMS kwenda 20023 ujue kama ni ya kweli. Kuipapasa kwa vidole hakukuambii kitu."

Mwalimu alilipia oili mpya, filta, na saa moja ya masomo. Zile 0.3 za simba alizimimina kwenye bawaba za lango la nyumbani, ambazo hazina valvu wala tarehe ya kutengenezwa. Tangu hapo lango halilii hata kidogo, na mama watoto analalamika kwamba siku hizi hajui mzee ameingia saa ngapi.